Kibuyu Kilichozibwa Mapema

Enzi zetu kule milimani, chini ya Wundanyi, nyumba ya mtu uliijua kwa harufu kabla hujaona paa. Kwa nyanya yangu, mama yake baba, ilikuwa harufu ya miwa inayochacha. Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka, tamu halafu inakupiga puani. Mimi pombe sijaionja na Mungu akinisaidia sitaionja, lakini harufu hiyo nikiisikia hata leo, nasimama.

Kazi yetu watoto ilikuwa kumenya miwa. Tulimenya huku tunatafuna mpaka midomo inachubuka. Mama zetu wanatwanga, nyanya anakamua kwa mikono yake mikavu, maji yanaingia kwenye kibuyu kikubwa na tunda la mvungunya lililokaushwa, lile la kuchachisha. Kibuyu kinakaa karibu na mafiga kipate joto. Hapo nyanya hakukubali mtu akizibe. Alifunika mdomo wa kibuyu kwa jani la mgomba tu, na kila mara anatega sikio, vile mama anasikiliza kifua cha mtoto anayekohoa. Ndani kunalia chii, chii.

"Ingali inasema," anatuambia. "Ikinyamaza ndio tunaziba."

Ikinyamaza anaziba kwa kitambaa na nta ya nyuki, hata hewa haipiti, kisha kinaachwa kikomae. Vijana wa sasa ukiwaambia usubiri kitu kinyamaze, wanakuuliza kama umechanganyikiwa.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi, kibuyu hakikuwa cha harusi. Baba na kaka yake, Baba Mkubwa, walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mfereji wa kunyweshea miwa. Wanapishana njiani kama hawakunyonya ziwa moja. Nyanya naye alikuwa mgonjwa, miguu imevimba, na alisema hataki kwenda kaburini akiwaacha hivyo. Alitaka wafanye kutasa. Kwa wasiojua, mwenye hasira anasema lililomuuma, anapiga funda la pombe, analipuliza nje kama manyunyu, tena na tena, mpaka moyo uwe mweupe.

Shida ni kwamba baba alikuwa mzee wa kanisa.

"Mama, mimi nimebatizwa. Pombe haiingii mdomoni mwangu."

"Nani amekwambia umeze?" nyanya akamjibu.

Baba hakukubali wala hakukataa. Kibuyu kikaendelea kusema. Halafu tukasikia mwinjilisti anakuja kumwombea nyanya. Baba akaona aibu ya ile harufu. Nyanya akiwa nje anaota jua, baba alichukua nta akaziba kibuyu mwenyewe, akakaza kwa kamba, akakificha nyuma ya kuni. Mama alimwangalia tu.

Katikati ya maombi, sote tumefumba macho, ukasikika mlio kama wa bunduki. Miaka hiyo mlio kama huo haukuwa mchezo. Mama alijitupa juu ya mdogo wangu. Tulipofumbua macho, kibuyu kilikuwa vipande na pombe inatiririka mpaka kwenye viatu vya mwinjilisti. Hakuna aliyecheka.

"Ni mimi niliyeziba," baba akasema.

Nyanya hakumkemea. Alilia. Shamba letu lilikuwa limekauka, miwa iliyokomaa ilikuwa imeisha, na hakujua kama miguu ile itamfikisha msimu mwingine. Mwinjilisti akafuta kiatu kwa jani la mgomba, akasema, "Tumalize maombi," akamaliza.

Baba akatoka. Nikamfuata. Nilidhani anaenda kanisani, kumbe anaelekea kwa Baba Mkubwa. Huko maji yalikuwa yanafika na miwa imesimama mizuri.

"Nipe muwa, ni wa mama," baba akasema.

"Si ulisema miwa yangu ni ya wizi?"

"Nilisema. Nipe."

Baba Mkubwa akachukua panga. Alikata mzigo mzima, akaubeba mwenyewe begani mpaka kwa nyanya.

Hawakungoja pombe ichachuke. Nyanya alisema hata maji mabichi ya muwa yanatosha. Wakakaa mbele yake na kata moja.

"Nilikuita mwizi mbele ya watoto wako," baba akasema, akapiga funda, akapuliza.

"Niligeuza maji wewe ukiwa kanisani," Baba Mkubwa naye, akapuliza.

Mambo yakatoka, mengine ya zamani kabla mimi sijazaliwa. Nyanya alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limetegwa. Walipoishiwa maneno, alisikiliza tena kidogo.

"Sasa," akasema.

Mvua hazikumkuta. Walimzika pamoja, mmoja kichwani, mwingine miguuni.

Leo pombe inachachishwa kwenye mitungi ya plastiki, kifuniko kinakazwa siku hiyohiyo. Na ndugu wanapeana mikono kanisani, "Bwana asifiwe", Jumatatu wanakutana kortini Voi. Wanangu wawili wa kiume hawajasemezana tangu Pasaka. Nikiwauliza, kila mmoja ananiambia, "Hakuna kitu, Mama."

Nimepanda miwa nyuma ya nyumba. Nainyweshea maji ya kuoshea vyombo, maana hapa Voi maji ni shida. Majirani wananicheka, wanasema miwa si iko tele sokoni. Nawaacha wacheke. Imenifika mabegani sasa, na jioni nikimaliza kuomba naenda kuitazama.