Abiria wa Baridi Katika Basi la Kiyoyozi

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Ilikuwa mchana kweupe, nilikuwa macho, ndani ya basi la kutoka Kahama kwenda Geita, na nilichokiona nilikiona.

Basi lenyewe la fahari: vioo vyeusi visivyofunguka, ubavuni limeandikwa lina kiyoyozi. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Kwenye matundu yake ulitoka upepo wa moto, kama pumzi ya ng'ombe mgonjwa. Konda alijua, na bado akajaza watu hadi kwenye korido.

Ngoja nikueleze taratibu, maana wengi hawajui. Mwili hupozwa na jasho linapokauka. Ukiwafungia watu ndani ya vioo, pumzi zao hulowesha hewa, jasho halikauki, linatiririka bure. Mtu mzima huvumilia. Mtoto mchanga anapikika.

Jirani yangu, Mama Kulwa, alikuwa amempakata Kulwa wake. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Konda, fungua hata kile kifuniko cha paa," nikasema.

"Dada, ukitaka upepo ungepanda bodaboda. Hewa inakuja."

Watu wakacheka. Wajinga wale, wanajipepea kwa tiketi huku wanalichekea jiko linalowachemsha.

Tulipopita Bugarama, nikahisi ubaridi. Kwenye korido, karibu na Mama Kulwa, alisimama mwanamume ambaye hakuna aliyemwona akipanda. Nguo zake zililowa tope jekundu la duarani, yale mashimo ya wachimba dhahabu. Niamini, ubaridi ulimtoka kama ule unaokupiga ukichungulia kisima. Ungefanya nini wewe, mtoto wako anaungua? Mama Kulwa alimnyanyua mwanawe.

"Kaka, nishikie kidogo apoe."

Yule akarudi nyuma. "Hapana, mayu, mama yangu. Baridi yangu haipozi. Inachukua."

Kisha akagonga bomba la kujishikilia, akaacha kidogo, akagonga tena. Wachimbaji wanajua: ndivyo walio chini wanavyogonga bomba la hewa, kuwaambia wa juu kwamba mashine ya kusukuma hewa imezimika. Nusu ya basi walikuwa wachimbaji. Kicheko kikakatika.

Konda akaja mbio, akamshika bega. "We, usiniharibie gari. Si nimesema hewa inakuja?"

"Hata sisi kule chini tuliambiwa hivyo," akajibu yule.

Akawa hayupo. Kwenye bomba likabaki tope. Wachimbaji wakasukuma kifuniko cha paa, wakampigia dereva kelele hadi akasimama. Tukamtoa mtoto nje, tukamlaza kivulini, tukamlowesha maji. Alipolia, Mama Kulwa aliketi vumbini, akageukia njia tuliyotokea, akasema, "Wabeja." Hakuwa akitushukuru sisi.

Kulwa sasa anatembea. Na konda? Pita stendi ya Katoro jua likiwa utosini. Utamkuta amekaa juani na koti zito, mkono ule aliomshikia yule mtu bega ameukunja kwapani, anatetemeka. Wenye huruma humnunulia chai, nayo hupoa mkononi mwake kabla hajanywa. Mimi hupita zangu.

Nawe, kabla hujalipa nauli, sukuma dirisha. Lisipofunguka, na kiyoyozi hukisikii, shuka. Wakikuita mshamba, waache waende na ujanja wao. Na kama umeshafungiwa humo, ukahisi ubaridi mtamu unakusogelea, usiuegemee. Gonga bomba.