Akijibu, Ana Pumzi

Mtu ambaye hakukulia mitaa ya Eastlands, Nairobi, angetusikia mimi na rafiki yangu tukikimbia, angedhani tumekosana na mmoja wetu hatafika nyumbani. Tulikuwa tukitoka mtaani kwetu, Tena, alfajiri, barabara bado ni ya wauza maziwa na mbwa, tunashika Outer Ring, tunaingia Jogoo Road, tunafika Makadara karibu na mahakama, kisha tunageuka. Njia nzima ni kurushiana maneno. Ulikuwa mchongoano, ule mchezo wa kuumbuana ambao mtoto wa mtaa wetu anaujua kabla hajajua kuhesabu. Namwambia kwao ni kudogo mpaka jua likiingia ndani, wao hutoka nje. Yeye ananiambia miguu yangu ni myembamba mpaka nikivaa soksi, soksi zinauliza mwenyewe yuko wapi. Anayekasirika ameshindwa. Sheria ni hiyo moja tu.

Sisi tuliufanya mchongoano kuwa chombo cha kazi. Mimi ndiye niliyevumbua, na siku hizo nilijiona daktari. Hatukuwa na zile saa za mkononi zinazopima moyo. Kwa hivyo nilikuwa namchongoa, halafu nasikiliza. Akijibu haraka, ana pumzi, tunaongeza mwendo. Akijibu nusu na kumeza nusu, tunabaki hapo hapo. Akinyamaza, napunguza, nakimbia kando yake kama mtu anayesindikiza bibi harusi, mpaka mdomo wake urudi. Tulikimbia hivyo miezi minne na hakuwahi kuanguka.

Pumzi yake haikuwa jambo la mchezo. Miaka miwili kabla ya hapo aliugua kifua kikuu. Alimeza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nagonga mlango wake kila asubuhi na kikombe cha uji ili asimeze dawa akiwa na tumbo tupu. Kliniki walimpima wakamwambia amepona kabisa. Mtaa haukumpima. Alikuwa akiuza mayai pasua, yale ya kuchemsha yanayopasuliwa na kutiwa kachumbari, pale kona, na kabla ya kuugua foleni yake ilikuwa inaziba njia. Aliporudi, watu walimsalimia vizuri sana, wakamuuliza habari za afya, kisha wakaenda kununua mayai kona ya pili. Mama mmoja aliyekuwa akimwazimisha vikombe alimwambia abaki navyo tu, asijisumbue kurudisha. Alivibeba hivyo vikombe mpaka nyumbani.

Kwa hivyo katika michongoano yetu yote, kwao tulichongoa, nguo tulichongoa, kichwa chake chenye kona kama tofali nilikichongoa mpaka nikachoka. Kifua sikukigusa. Hatukuwahi kukubaliana hivyo. Ilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba chungu kilicho motoni hakishikwi kwa mikono mitupu.

Halafu kukaja tangazo. Kule ng'ambo ya mji kulikuwa kumefunguliwa bustani kubwa ya burudani, yenye gurudumu refu kuliko maghorofa ya kwetu, farasi wa kuzunguka, na gari la reli linalopindua watu miguu juu. Wenyewe waliandaa nusu marathoni, kilomita ishirini na moja, na kilomita tano za mwisho zilipita ndani ya bustani, katikati ya mashine. Tangazo lilisema kijana yeyote wa mitaa ya Eastlands atakayemaliza ndani ya saa mbili na robo ataandikwa kazi ya kusimamia mashine, maana walitaka watu wenye miguu na subira. Mimi nilicheka. Nilikuwa nasuka nywele barazani kwetu na nilikuwa na ndoto nyingi, ila hakuna hata moja iliyokuwa na gurudumu. Rafiki yangu hakucheka. Aliniuliza kule ni mbali kiasi gani na Tena. Nikamwambia ni mbali sana. Akasema, "Basi huko hakuna anayenijua."

Hapo nikaelewa anachotaka. Alitaka mahali ambapo angempa mtu kitu mkononi na mtu huyo akipokee tu. Tukajiandikisha wote wawili, yeye kwa ajili ya kazi, mimi kwa ajili ya kumvuta.

Siku yenyewe jua liliwaka mapema, kana kwamba nalo limejiandikisha. Kilomita kumi za kwanza nilikuwa na furaha ambayo nikiikumbuka sasa inaniuma. Barabara ya vumbi, watu mia kadhaa wenye namba vifuani, na sisi katikati tukichongoana kwa sauti. Mzee mmoja mwenye kaptura ya kijani alikimbia karibu nasi makusudi ili asikilize, mpaka akacheka akapata kichomi akabaki nyuma. Rafiki yangu aliniambia nywele ninazosuka watu huwa ni mbaya mpaka chawa wanaandamana. Hiyo ilikuwa kilomita ya kumi na mbili. Nikasema moyoni, huyu ana pumzi ya kufika mpaka Mombasa.

Tulipoingia lango la bustani tulikuwa na muda mzuri. Ndani kulikuwa na dunia nyingine. Watu walikuwa wakipiga mayowe juu ya mashine, wamejipanga foleni ili waogopeshwe, nami nikafikiri, kwetu huwa tunaogopeshwa bila foleni. Watoto walitutazama wakilamba sukari laini kama pamba. Njia yenyewe ilikuwa ya kupindapinda, inapanda kidaraja, inashuka, inazunguka farasi, inarudi tulikotoka. Mtu anayepanga njia hivyo hajawahi kukimbia akiwa na haraka ya maisha yake.

Kwenye kilomita ya kumi na saba nilimwambia anakimbia polepole mpaka konokono aliye nyuma yake anapiga honi. Hakujibu. Nikamtazama. Midomo yake ilikuwa imekauka na mabega yamepanda karibu na masikio. Sheria yetu ilikuwa wazi: amenyamaza, punguza. Nikaangalia saa kubwa iliyoning'inizwa kwenye nguzo, nikapiga hesabu, nikaona tukipunguza hatufiki.

Ningependa kusema ni hiyo saa tu. Lakini nimeahidi nafsi yangu kwamba nikiandika haya nitayaandika yote.

Chini ya gurudumu kubwa palikuwa na jukwaa, na juu yake mtangazaji mwenye kipaza sauti, aliyewekwa pale kuwachekesha watu walioketi kwenye viti vya kivuli. Kazi yake ilikuwa kuwasema wakimbiaji waliochoka. Yule mzee wa kaptura ya kijani alipotufikia na kutupita, mtangazaji alimwita mtungi wa gesi uliotoroka dukani, na watu wakacheka mpaka wakapigana makofi mgongoni. Sasa nami nilirudia ile ya konokono, kwa sauti, tukiwa karibu na jukwaa. Mtangazaji akaisikia. Akairudia kwenye kipaza sauti na watu wote wale wakacheka kwa pamoja.

Sijawahi kuchekewa na watu wengi namna ile. Nilichekewa vizuri, si vibaya, kama mtu anayejua kitu. Mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa kusukumwa, msusi wa barazani, maneno yangu yalikuwa yakitoka kwenye spika zilizofungwa kwenye kila nguzo. Lilikuwa jambo tamu. Nikaongeza la kichwa cha tofali. Wakacheka tena. Rafiki yangu alikuwa amesimama, mikono juu ya magoti, mgongo ukipanda na kushuka. Mtangazaji akainama kutoka jukwaani akanisogezea kipaza sauti karibu kabisa na mdomo.

"Ongeza moja, dada, tumsukume."

Nikatafuta. Kwao, nguo, miguu, kichwa, vyote nilikuwa nimevimaliza barabarani. Lilikuwa limebaki moja tu, na lilikuwa tayari, limekaa mbele ya ulimi kana kwamba miezi yote ile lilikuwa linangoja zamu yake.

"Kifua chako ni kibovu mpaka hata kikohozi kimehama."

Kicheko kilipanda hadi kwenye gurudumu. Mtangazaji akalirudia mara mbili. Mtu mmoja kwenye viti akajifanya anakohoa, na wenzake wakafuata, wakikohoa na kucheka, wamejifunika midomo kwa kofia.

Rafiki yangu aliinua uso. Nimemwona akikasirika mara nyingi, naijua ile sura. Hii haikuwa hiyo. Alinitazama kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye foleni ya kliniki na majirani wote wako pale. Kisha akageuka akakimbia.

Alikimbia kama sijawahi kumwona. Nilimfuata nikashindwa. Na mimi mjinga nilikuwa nafurahi nyuma yake, nasema, ona, limefanya kazi, nimemsukuma. Alivuka mstari dakika mbili kabla ya muda kuisha. Mimi nilivuka zikiwa zimebaki sekunde chache, nikaanguka kwenye nyasi nikicheka na kulia, namtafuta nimkumbatie.

Alikuwa amesimama mbele ya meza ya wanaoandika watu kazi. Nyuma ya meza alikaa msimamizi, mwanamume nadhifu aliyezungumza taratibu, karatasi zake zimepangwa vizuri. Juu ya kichwa chake kulikuwa na nguzo, na kwenye nguzo, spika. Nilifika nikamsikia akimuuliza, bila ukali wowote, "Ni wewe yule wa kifua?"

Rafiki yangu akasema aliugua zamani na akapona, na kadi ya kliniki anaweza kuileta kesho. Msimamizi akatikisa kichwa kwa upole. Akasema hapa huja watoto wa watu, na wazazi wao wote wamesikia.

Nikajitia katikati. Nikamweleza kwamba ule ulikuwa mzaha tu, kwamba sisi huko kwetu ndivyo tunavyoongea, kwamba aliyemvuta mpaka pale ni huo mzaha. Nilieleza mchongoano kwa mtu ambaye hajawahi kuchongolewa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ulivyozidi kuonekana upuuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Lakini alikuwa na kifua, au hakuwa nacho?"

Mtu mwingine angedanganya. Neno lilikuwa dogo tu: hakuwa. Mimi mdomo wangu, uliokuwa na majibu ya kila kitu tangu Makadara, ulisema, "Ilikuwa zamani."

Akaandika kitu kwenye karatasi. Akamwambia rafiki yangu watampigia simu. Halafu akageuza karatasi nyingine na kuniuliza mimi namba yangu ya kifuani.

Nilisaini. Nimeshajiambia sababu nyingi, na nyingine ni za kweli, lakini kalamu niliishika mimi. Nilipoinua macho rafiki yangu alikuwa ananingoja kando ya lango, amenishikia sweta langu.

Hawakumpigia. Sasa ni mwaka mmoja nasimamia lile gurudumu. Nafunga watu mikanda, nawaambia wasitoe mikono nje, nawapungia wakipanda. Ni kazi nzuri na huwa naifurahia, Mungu anisamehe. Gurudumu likisimama na kiti kimoja kikibaki juu kabisa, mtu aliye humo husema anauona mji wote, nami humuuliza kama anaiona Tena. Wengi hawajui Tena iko wapi.

Yule mtangazaji hakuja kuishi mtaani kwetu, lakini neno langu lilikuja. Mtu alikuwa amelirekodi kwenye simu. Hata waliokuwa wameanza kurudi kununua mayai waliacha tena, na safari hii walicheka kwanza. Alifunga ile kona. Siku hizi anafua nguo za watu kule mtaa wa Umoja, nguo ambazo hurudi kwa wenyewe zikiwa zimekauka na kunukia sabuni, na wenyewe hawajui ni nani aliyezishika.

Nilimwomba msamaha. Nilikwenda mlangoni kwake, nikalia, nikasema yote. Aliniambia yameisha. Akanipa kiti. Akanichemshia chai, akanimiminia katika kikombe kimoja cha yule mama aliyekataa kurudishiwa, na yeye akanywa katika kingine. Aliniuliza kazi inaendeleaje. Aliniuliza kama wazazi wangu hawajambo. Tulipoagana alinishukuru kwa kuja. Nilitembea ule ujia wa ploti yetu, katikati ya vyumba vya kupanga, hatua kumi na moja kutoka mlango wake hadi wangu, nikijua nimepigwa na sitapona.

Maana kwetu mtu anayekupenda hakuulizi hali. Anakwambia unanuka. Anakwambia umevaa kiatu cha marehemu. Mtu akianza kukwambia habari yako na asante na karibu tena, amekutoa nje na kufunga, na ameufunga mlango polepole ili usione aibu.

Bado huwa natunga. Nikiwa kule chini ya gurudumu, mashine inazunguka, huwa natunga moja ya kumpelekea, na si za kumuumiza. Nyingi ni za kunichongoa mimi mwenyewe, ili yeye apate pa kuanzia. Asubuhi moja wiki iliyopita tulikutana kwenye bomba la maji, sisi wawili tu, ndoo zetu zimepangwa. Nikamwambia ndoo yangu imetoboka mpaka mvua ikinyesha inapita kwangu kuuliza njia ya chini. Ilikuwa nzuri. Zamani angeimaliza palepale, angesema ndoo yenyewe imenirithi kichwa.

Nikasikiliza, kama nilivyokuwa nikisikiliza Jogoo Road.

Akasogeza ndoo yake kando kunipa nafasi. "Tangulia wewe," akasema. "Utachelewa kazini."