Udongo wa Marudio

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani, na jana uliponitumia picha ya miche yako ilinirudia nzima nzima na harufu yake. Nilikuwa napepeta choroko, simu ikalia, nikafungua, nikaona vikopo vyako vimejipanga dirishani huko kwako Kalangalala, Geita, miche ya nyanya imedumaa, majani ya njano, kingo zimeungua, na chini umeandika kwamba udongo umeununua hapo mtaani, unaniuliza ununue dawa gani. Sikukujibu. Mimi unanijua, nikianza kuandika kwa kidole kimoja jua linazama sijamaliza salamu. Kwa hiyo leo nimebonyeza hapa kwenye sauti, nasema tu. Ukisikia kuku, ni hawa wa hapa Didia, wewe sikiliza.

Habari yangu inaanza na majani, lakini si majani yaliyokuwa hatarini. Aliyekuwa hatarini ni dada yako Kabula, naye hakuwa hata amezaliwa.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, baba yako akanichukua Geita, tukapanga chumba kimoja kwa Mama Hamisi. Mama huyo alikuwa Muislamu wa pande za Ujiji, mjane, alifuata wachimbaji na mumewe zamani akabaki na nyumba ya vyumba vinne na wapangaji wake. Msafi, mkali, hana simile na mtu. Ukimwambia shikamoo kwa sauti ya uvivu anakaa kimya mpaka urudie. Baba yako kazi yake ilikuwa mwaloni, pale wanapoosha mchanga wa dhahabu, anaondoka asubuhi na mapema na kurudi jioni suruali imelowa hadi magotini.

Nami nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Sijui niseme vipi hali ile, maana hata wewe utaijua siku yako. Nilikuwa kama mtu aliyeamka nusu. Mchana kutwa chumbani, mwanga unaingia kwenye wavu wa dirisha, vumbi linaelea ndani ya mwanga ule taratibu, na mimi nimekaa nalitazama, naweza kulitazama mpaka uji uungue. Sauti za mji zilinifikia kwa mbali, pikipiki, mashine za kusaga mawe, mtu anaita mtu. Nilikuwa nimeikumbuka Didia mpaka kifua kinauma.

Mama yangu alikuwa amenifungia mbegu za nyanya kwenye pembe ya kanga. Nje pale hapakuwa pa kupanda, mbuzi wa watu walikula hadi kamba ya kuanikia nguo. Nikaamua nitaziotesha ndani, dirishani, zikishakuwa kubwa tutatafuta pa kuzihamishia. Makopo ya maziwa nilikuwa nayo. Nikakosa udongo tu.

Sasa nyuma ya mlango kulikuwa na gunia. Baba yako alilileta siku moja, akaliegemeza pale. Nikamuuliza ni nini hiki, naye kwa uchovu wake akasema, marudio, akageukia ukutani akalala. Neno moja hilo. Na mimi mtoto wa wafugaji nikalipokea kwa masikio ya kwetu. Wewe umekulia kwenye ngitili, unajua: tunafunga kipande cha mbuga, ng'ombe haingii, watu hawakati, ardhi inapumzika mpaka nyasi na nguvu zake zinarudi. Basi nikaelewa kwamba marudio ni udongo wa namna hiyo, uliopumzishwa mahali mpaka rutuba ikarudi. Nikafungua gunia, nikautia mkono. Laini kama unga wa muhogo, rangi ya kijivu, hauna hata jiwe. Nikasema moyoni, huyu mwanamume ananipenda, ameniona nilivyo na hamu ya shamba akaniletea udongo na wala hajajisifu. Nilifurahi siku nzima, nakwambia ukweli.

Nikajaza makopo, nikapanda. Mbegu zikaota vizuri. Lakini mbegu, mwanangu, inatoka kwao na chakula chake, siku za mwanzo haimtegemei mtu. Ilipomaliza cha kwao ikaanza kula cha kwangu, ndipo mambo yalipoharibika.

Kwanza miche ilirefuka, myembamba, imeinamia dirishani yote upande mmoja. Hiyo nikaitambua, ni njaa ya mwanga, nikawa nayageuza makopo kila asubuhi. Ikasimama. Kisha majani ya chini yakawa ya njano na kulegea. Nikachomeka kidole, nikakuta maji yamesimama, maana nilikuwa namwagilia kila nilipopita, na mimi nilikuwa napita sana. Nikatoboa makopo chini, nikapunguza maji. Ikapata nafuu kidogo. Nikageuza majani nikatazama chini yake, huko ndiko vijidudu vinakojificha, sikuona kitu. Baba yako akaniletea mbolea ya chumvichumvi kwenye karatasi, nikatia chembe chache, na kingo za majani zikazidi kuungua. Jirani mmoja akasema ni kijicho, nimeipanga dirishani kila mpita njia anaiona. Nikashusha makopo sakafuni, nikafunika kwa kitenge. Miche ikazidi kununa. Vijani vipya vilitoka vidogo, vimejikunja, vimeungua kabla havijafunguka, na shina limekuwa na rangi ya zambarau. Kila siku nilikuwa na jibu jipya juu ya jani, na kila jibu nililitafuta juu ya jani.

Na kumbe kitu kingine kilikuwa kinaendelea, ambacho hata mimi sikukihesabu kuwa kitu. Ukiwa na mimba unajua hamu ya udongo. Wenzangu walinunua ule wa vijiti sokoni. Mimi wa sokoni sikuuhitaji. Nikimwagilia miche, udongo wangu ulitoa harufu ya mvua ya kwanza, ile inayokuja kabla ya tone lenyewe, na nilikuwa nikiisikia narudi kwetu kabisa, naiona njia ya kisimani, namsikia mama anamfokea ndama. Basi nachota kidogo kwa ncha ya vidole, naweka ulimini, nafumba macho. Kilikuwa kitu kitamu kuliko vyote nilivyokula Geita.

Siku hiyo mvua ilikuwa imepiga mchana ikaacha, bati linadondosha, chumba kimejaa ule mwanga wa njano unaokuja baada ya mvua. Mama Hamisi akabisha hodi ameniletea uji, maana ukali wake wote ulikuwa wa mdomoni, mkono wake haukuwa mkali. Akaona makopo sakafuni. Akachuchumaa, akafunua kitenge, akatazama. Akachomeka kidole, akageuza jani, akanusa. Akauliza maji, nikamweleza. Akauliza mbolea, nikamweleza. Akawa anatikisa kichwa tu, hajui. Na mimi huku namweleza, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kopo, nikachota, nikatia mdomoni.

Akanitazama.

"Unakula nini?"

Nikaona haya, nikamwambia ni udongo tu, ni hamu. Akauliza nimeutoa wapi. Nikamwambia kwa majivuno kabisa kwamba mume wangu ameniletea, ni udongo wa marudio.

Mwanangu, sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Bakuli la uji lilimponyoka. Alinishika taya kama mtu anavyomshika mbuzi anayenyweshwa dawa, akaniingiza kidole mdomoni, akakomba.

"Tema. Tema, mwanangu. Kwenu mkisikia neno msilolijua mnalimeza tu?"

Nikatema, nikasukutua, nikatema tena mlangoni. Ndipo akaniambia, ameshika mabega yangu. Marudio si udongo. Ni mchanga wa mawe yaliyosagwa, ukaoshwa kwa zebaki ili dhahabu inase, na mabaki yake watu wanayaweka ili siku nyingine wayarudishe kuyaosha, huenda imebaki chembe. Yanarudishwa, basi yakaitwa marudio. Wachimbaji wote wanalijua neno hilo, hakuna anayefikiria kumweleza mtu. Zebaki ile inabaki mle, haionekani, haina harufu. Miche yangu ilikuwa inajaribu kusema kwa majani yake yote, na mimi nikaifunika kitenge.

Baba yako aliporudi, Mama Hamisi alikuwa amekaa kwenye ngazi anamsubiri. Alimsema, na alisemeka. Kumbe baba yako aliliweka gunia lile akiwa na matumaini ya kuliosha mwenyewe siku moja. Makopo aliyaona kila asubuhi akivaa viatu, akadhani udongo nimeutoa bondeni, wala hakuuliza. Baba yako si mtu wa machozi, umemjua hivyo maisha yako yote, lakini jioni ile alilia mbele ya mama mwenye nyumba, na suruali yake imelowa. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia.

Hospitali daktari alinisikiliza mpaka mwisho, hakunicheka. Akanipima, akasema kilichoingia kimeingia, la muhimu kisiongezeke. Gunia litoke, sakafu ifutwe kwa maji, nguo za mwaloni zisiingie ndani. Nikamuuliza mtoto atakuwaje. Akasema hawezi kuona ndani ya tumbo, tutamwona anavyokua. Hilo ndilo jibu nililopewa, nikarudi nalo nyumbani.

Mama Hamisi alikuja na udongo mweusi wa zizini uliooza vizuri, tukang'oa miche michache iliyokuwa na uhai, tukasuuza mizizi yake, tukaihamisha. Nilikuwa naamka naikimbilia kabla ya kunawa uso, nataka kuona majani yamekuwa mabichi. Hayakuwa. Mama Hamisi akaniambia niache kuyatazama yale, jani lililoungua haliponi, nitazame kinachochipua katikati. Na kweli, baada ya siku kadhaa kikatoka kijani kimoja, kidogo, safi, hakina doa. Nilikaa chini nikalia, mkono uko tumboni, kwa sababu kilichokuwa kinachipua katikati yangu mimi sikuweza kukiona.

Kabula alizaliwa mvua inanyesha, akalia vizuri, vidole vyote. Tukamshukuru Mungu. Lakini alichelewa, mwanangu. Alichelewa kukaa, alichelewa kusimama, watoto wa rika lake wanakimbilia mbuzi na yeye yuko mkekani anawatazama. Maneno yalikuja baadaye sana, moja moja. Daktari mmoja alisema huenda ni ule udongo, mwingine akasema watoto wapo wanaochelewa bila sababu yoyote. Hakuna aliyejua na hakuna atakayejua. Alitembea, alisema, alisoma, leo ana cherehani yake mjini Shinyanga na wateja wanamngoja. Lakini nyinyi wadogo zake huwa mnamtania mezani kwamba ukimuuliza Kabula swali unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ndipo akujibu. Mnacheka wote, na yeye anacheka, na baba yenu anacheka kidogo halafu anatoka nje. Mimi hapo sijawahi kucheka, na wewe uliwahi kuniuliza kwa nini nanuna. Sasa umejua.

Basi dawa usinunue. Nenda kwa yule aliyekuuzia udongo, umuulize ameutoa wapi, akikwambia jina usilolijua mwambie akueleze jina hilo maana yake nini, usione haya, kutouliza ndiko kulikokaribia kuniua mimi. Kama hajui, au ni marudio, udongo huo umwage mbali na watu, na mikono unawe kwa sabuni. Kama ni mzuri, basi tuanze kutafuta kwingine: mwanga, maji, mbolea, wadudu, kwa utaratibu, kimoja kimoja, maana ukitibu vitano kwa pamoja hutajua kilichoponya wala kilichoua. Kila utakachokirekebisha, kipe siku zake, utazame majani mapya. Na watu wako uwafanyie hivyo hivyo. Mtu akinuna nyumbani kwako, usikazane na uso wake. Uliza anakula wapi, analala wapi, anapumua nini, na uulize mapema.

Mungu akulinde huko uliko, mwanangu, akupe nyumba ambayo watu wake wanaambizana. Akupe uzao, na uzao wako ukue kwa wakati wake. Jumapili Kabula atakuja hapa, njoo na wewe. Muulize habari za kazi yake, halafu ukae umngoje mpaka ajibu.