Alois na Dhahabu ya Mjerumani

Mzee Alois wa Itetemia hakuwahi kumwamini mtu. Alipokuwa kibarua wa reli kule Tura alilala na koleo lake mkekani, mwenzake asije akalibadilisha. Kanisani, waumini wakifumba macho kusali, yeye alifumba moja.

Basi watu walipokuja kuzungushia mabati kiwanja cha nyuma ya nyumba yake, moyo ulimruka. Hapo zamani palikuwa na ghala la dawa za tumbaku, na dawa zilivuja ardhini miaka mingi. Sasa palitakiwa soko, lakini kwanza udongo wote uchimbwe ukatupwe mbali. Wachimbaji walivaa barakoa, na glavu hadi viwikoni.

"Shikamoo, babu," alisema Adelina, mhandisi aliyewasimamia. "Tafadhali usikaribie hapa. Udongo huu una sumu."

"Marahaba, binti. Tangu lini taka zikawekewa mlinzi?"

Jibu alikuwa nalo tayari. Tabora nzima husimulia kwamba Mjerumani alipokimbia vita alifukia dhahabu yake mahali, na lisemwalo lipo. Sumu, eti! Hata ile harufu kali, aliapa mzee, wameimwaga makusudi kututisha.

Mchana, mlinzi akienda kula, Alois alipenya mabatini na kiroba, akakijaza udongo. Akafanya hivyo wiki nzima. Akauchekecha udongo uani kwake, akapata misumari, kizibo cha chupa na kikohozi. Na kwa kuwa bahili hatupi kitu, akaukanda kwa maji, akakandika ukuta wa nyuma wa jiko uliopasuliwa na mvua. Ulitoka mwekundu na laini, naye akajisifu kama aliyejenga kanisa.

Jiko lile lilikuwa la Minza, binti wa Igunga, mke wa mwanawe Renatus aliyekuwa kazini Dodoma. Minza alikuwa na mimba yake ya kwanza. Heshima ya ukwe ni heshima: hakutia kitu kinywani mbele ya mkwewe, wala mzee hakukanyaga jikoni.

Mwezi uliofuata Minza akaanza kutapika, mikono ikimtetemeka. Alois alimshuku jirani. Angemshuku nani mwingine? Akaenda nyuma ya jiko kutafuta hirizi iliyofukiwa. Hirizi hakuiona. Aliona ukuta wake mpya umeparuliwa kwa kijiko, usawa wa mtu aliyeketi kwenye kigoda.

"Minza! Nani amebandua ukuta huu?"

Minza akapiga magoti, macho chini, aibu imemjaa. "Nisamehe, baba. Ni mimi. Mimba hii imenitia hamu ya udongo, na huu una harufu nzuri."

Kila mama wa Tabora anaijua hamu hiyo. Hata marehemu mke wa Alois alikula vichuguu mimba zote, lakini mzee alikuwa na dhahabu kichwani.

Aliupapasa ukuta kwa mikono yote miwili, akakimbia pekupeku hadi kwenye mabati, akayagonga kwa viganja mpaka Adelina akatoka.

"Binti, siku ile ulinidanganya, sivyo? Hakuna sumu. Mnachimba dhahabu. Mkwe wangu ameula udongo huu. Niambie ni dhahabu!"

Maisha yake yote aliogopa kudanganywa, na sasa alikuwa akiuombea uongo huku analia.

Adelina aliitazama mikono yake iliyoiva wekundu wa udongo, akatoa funguo za gari.

"Mgonjwa yuko wapi, babu? Twende hospitali ya Kitete."