Mkono wa Mahameli Katika Mfuko wa Anti Zuhura

Mahameli ikipigwa mvuke hutoa harufu ya vumbi lililonyeshewa, na katika chumba chetu cha Discovery Gardens harufu hiyo ilichanganyika na udi wa Anti Zuhura, hata usijue kinachofukizwa ni nguo au ni watu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimetoka Kitale kwa likizo ya Desemba kumtembelea mama, aliyekuwa akifanya kazi huko nchi ya Waarabu, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka miwili. Nilidhani nitampata peke yangu. Nikamkuta anaishi chumba kimoja na mwanamke wa Lamu, mnene, mcheshi, mfanyakazi wa saluni, aliyemjua mama yangu kuliko nilivyomjua mimi: kwamba siku hizi hanywi chai ya maziwa, kwamba hulala na soksi. Hilo halikunipendeza hata kidogo. Bibi alinilea kwa methali moja kuliko zote, kikulacho ki nguoni mwako, nami tangu siku ya kwanza nikaanza kumchunguza Anti Zuhura kama anayetafuta chawa kwenye mshono.

Mama alikuwa mshonaji katika karakana ya mavazi ya maonyesho kule Al Jaddaf. Msimu ule hoteli fulani ilitaka karamu ya bustanini ambayo wahudumu wake wangevaa kama matajiri wa Italia wa miaka mia tano iliyopita, na Madam, mwenye karakana, hakutaka mzaha. Alimpa mama picha za michoro ya kale akamwambia azisome kabla ya kushika mkasi. Basi tukasoma. Tulizikuza kwenye kompyuta mpaka sura za wale wanawake wenye vipaji vya uso vilivyonyolewa zikapotea, ikabaki mishono tu. Ndipo mama alipogundua kwamba mikono ya magauni yao haikushonewa mabegani. Ilikuwa vipande vya peke yake, vilivyofungwa kwa kamba zilizopita kwenye vitundu, na shati jeupe likachungulia katikati. Mimi niliwashuku hata hao. Mtu mwenye mkono wa kuvuliwa anaficha nini? Mama alicheka, akasema ulikuwa ujanja wa kubadilisha mikono bila kubadilisha gauni, ili uonekane una nguo nyingi.

Taabu ilikuwa hivyo vitundu. Mama alivitia vipete vya chuma, Madam akarudisha kazi yote: kwenye michoro hakuna chuma, vishonwe kwa mkono, na mwisho ni Jumamosi. Mkataba wa mama ulikuwa unaisha mwezi uleule, na Madam alisema wazi kwamba ataamua akishaiona mikono hiyo. Mama alijaribu, lakini mahameli ilifumuka nyuzi kila alipotoboa. Anti Zuhura alimtazama kwa jioni mbili, kisha akashindwa kunyamaza.

"Mama Nekesa, lete mie nikushonee. Sisi tumekua tukishona kofia za mkono, na kofia ni nini kama si vitundu vitupu?"

"Asante, shoga, lakini nguo ya Madam haiguswi. Ikiharibika, khalas, narudi Kitale."

Alhamisi asubuhi mkono mmoja haukuonekana. Mama alipekua kitanda, kabati, mpaka ndoo ya nguo chafu. Mimi nilikuwa nimemwona Anti Zuhura, kabla hajatoka kwenda kazini, akisukuma kitu cha rangi ya damu ya mzee, rangi ya mahameli ile, ndani ya mfuko wake wa begani. Ningeweza kumuuliza palepale, lakini sikumuuliza. Nilimwambia mama, na nakiri kwamba nilifurahi kumwambia.

Mama alipiga simu mchana kutwa bila kujibiwa, maana saluni simu zilikuwa zinafungiwa. Anti Zuhura alipoingia na salamu zake, mama hakuitikia. Alimvua mfuko begani, akaumwaga kitandani. Kitana, tende, leso safi iliyokunjwa, na ndani ya leso, ule mkono. Vitundu vyote kumi na viwili vilikuwa vimezungushiwa uzi wa hariri, vidogo, vya duara, hakuna hata kimoja kilichopinda.

"Nimevishona kati ya mteja na mteja," alisema. "Nilitaka uone kwanza, ndipo ukatae." Akautazama mfuko mtupu. "Nani kakwambia uukague mfuko wangu?"

 Mama alinitazama, na hilo likatosha.

Anti Zuhura alimaliza mikono iliyobaki kabla ya Jumamosi. Madam alipitisha kidole juu ya vitundu, akauliza ni kazi ya nani, mama akamtaja, na mkataba ukatiwa saini. Mama aliomba radhi, akaambiwa yamekwisha. Hayakwisha. Awali tulikula sinia moja sote watatu. Sasa yeye akajipakulia sahani yake. Na kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, aliuweka mfuko juu ya kitanda chetu, akafungua zipu, akangoja. "Tazama, Mama Nekesa." Mama aligeuza uso na kumsihi afunge. Hakufunga mpaka mtu atazame. Kwa kuwa basi la kazini halikumngoja mtu, ilinibidi nitazame mimi. Nilitazama kila siku mpaka likizo ikaisha, na sikupata ujasiri wa kusema nisamehe.

Leo nashona mavazi hayohayo, Al Jaddaf ileile. Kompyuta za sasa zinakuza mchoro mpaka unahesabu nyuzi, na ipo mashine ya kutoboa vitundu, lakini mimi huvishona kwa mkono, na bado havifikii vyake. Anti Zuhura alirudi Lamu zamani. Siku hizi mifuko hukaguliwa mlangoni mwa karakana jioni, na hakuna anayeona vibaya. Mlinzi ni binti wa Eldoret, mpole, amenizoea. "Funga tu, auntie, mimi nakujua," huniambia. Mimi husimama palepale, zipu wazi, mpaka atazame.