Kinywaji cha Bakari Nilichokificha Chini ya Kitanda

Jambo hili hata leo likitajwa mimi hutazama chini, na msinicheke kabla sijamaliza, maana nyinyi wajukuu nawajua.

Vita vilikuwa vimekwisha, watu wanasema amani, lakini sisi Wanubi tulikuwa tumekimbia kutoka Kimaka, Jinja, na mizigo kichwani, tukapanga chumba Namatala, Mbale, na pale ukifungua mdomo kikatoka Kiswahili, kwao lugha ya wanajeshi, watu wanakutazama kama wewe ndiye uliyeshika bunduki (marehemu mume wangu Ramadhani alikuwa mpishi kambini, hakuua kitu zaidi ya kuku). Kwa hiyo sikumwamini mtu. Binti yangu Zaina alikuwa anauza nyanya sokoni, ananiachia mwanawe Bakari, wa miezi kumi, anaharisha, amekonda mpaka kichwa kimemshinda shingo.

Jirani yetu Nafula, Mgisu, mwenyeji wa huko, akaleta kikombe, akaniita bibi kwa lugha yao. "Jaja, mpe mtoto, kitamtia nguvu."

Nikatazama ndani: rangi ya udongo, kizito, kinanuka wimbi, yaani ulezi. Na wimbi nililolijua mimi kwa Wagisu ni malwa, ile pombe wanayoizunguka na mirija mirefu, tena jioni ya jana nilisikia kwa Nafula wanaimba. Nikasema asante, moyoni nasema, haya, wameshindwa kutufukuza, sasa wanamlevya mtoto wa Kiislamu.

Mimi nilikuwa na changu. Nilikuwa nimechemsha maganda ya nanasi na tangawizi na sukari, kinywaji safi, na kwa kuogopa majirani wasije wakatia kitu sikukiacha jikoni, nilikimimina kwenye jerikeni, nikakaza kifuniko, nikaizungushia blanketi, nikaisukuma chini ya kitanda, ikakaa humo siku kadhaa. Asubuhi ile Bakari alikunywa vijiko vyake akalala fofofo, hata kulia hakulia, nikajisifu kweli kweli.

Ningemwaga tu kile kikombe, yangeisha. Lakini mimi? Nikamfunga Bakari mgongoni, kikombe mkono huu, chupa ya nanasi niliyoijaza kutoka kwenye jerikeni mkono ule (waone tofauti!), nikaenda mpaka msikitini, siku ya Ijumaa, watu ndio wanatoka kuswali.

"Sheikh Abdalla! Njoo uone wanachompa mjukuu wangu! Malwa!"

Watu wakajaa. Nafula akasikia, akaja mbio na unga mikononi. "Jaja, ni uji! Mimi Mlokole, pombe nitoe wapi? Jana tulikuwa kwenye maombi!"

Sheikh hakutaka kuonja. Akamwita Mutua, dereva wa lori kutoka Kenya, aliyekuwa anabadilisha tairi ng'ambo ya barabara. "Bwana Mutua, wewe pombe unaijua. Tuamulie."

Mutua akapangusa mikono, akaonja. "Uji wa wimbi, sheikh. Hata sukari wamesahau."

Hapo ningerudi nyumbani. Nikasema, "Basi onja na hiki, ujue kinywaji cha mtoto."

Akapiga funda moja. Akanitazama. Akapiga la pili, refu. "Mama, hii unauza wapi?"

Watu wakaangua kicheko, hata sheikh akaziba mdomo na mkono wa kanzu. Nafula peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kichwa cha Bakari mgongoni mwangu. "Jaja," akasema polepole, "huyu hajalala. Huyu amelewa."

Kicheko kikakatika. Mutua akatupakia kwenye gari la rafiki yake, Nafula amempakata mtoto, mimi nalia tu. Kwenye zahanati Sista Edisa akanusa chupa. "Nani amempa hii?"

Nikatazama chini. Nafula akajibu, "Ni sisi, Sista. Tumekosea huko nyumbani."

Wakamnywesha maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi, kijiko kwa kijiko, mpaka jua linazama ndipo akafumbua macho akapiga ukelele, na sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Sista akanikaripia: maziwa ya mama, maji yaliyochemshwa, uji mwepesi, basi.

Nimeapa: mtoto hataonja tena kwangu kitu cha kuficha. Na uji wa Nafula Bakari aliunywa mpaka akatembea. Ila sitawadanganya, wiki za kwanza nilikuwa nageukia ukutani nauonja kwanza. Nafula aliniona. Akawa anajaza kikombe zaidi, ili uji wa mtoto usipungue.