Ukingo Mweupe

Mbunifu wa mavazi aliyekuja kwenye karakana yetu ya ushonaji mtaani Digbeth, huku ughaibuni, alikuwa mwanamke wa Mi'gmaq, wenyeji wa Kanada tangu kabla Wazungu hawajafika. Alinipa sketi ya sufu nyekundu niimalizie chini, naye akaendelea kutia shanga kwenye kofia yenye ncha, kama aliyokuwa akivaa nyanya yake.

Kile kitambaa kilikuwa na ukingo mweupe ambao rangi haikuufikia. Fundi aliyenifundisha Mombasa alikuwa ananichapa rula vidoleni kila ukingo ulipoonekana. Basi nikaukunja ndani, nikapinda, nikapiga pasi. Kazi safi. Nikangoja kusifiwa.

Yule mbunifu aliitazama, akavuta kiti karibu yangu, akaanza kufumua. Nilikasirika. Akanieleza taratibu kwamba nyanya yake hakuwa akiuficha ule weupe. Aliuacha chini kabisa uonekane, maana kwake huo ndio uliokuwa urembo wa sketi. Hakunilaumu hata kidogo. Nikachukua sindano, tukafumua pamoja, mimi upande huu, yeye upande ule.

Siku ya maonyesho ya mavazi nilimwalika rafiki yangu wa mtaa wa Lozells, naye pia ni fundi. Sketi ilipopita mbele yetu, aliniinamia sikioni.

"Dada, hii wamesahau kupinda. Fundi gani huyu?"

"Ni mimi," nikamjibu, kwa sauti iliyogeuza vichwa vya safu nzima. "Na sikusahau."